Betri mpya inakufa gari likilala siku mbili, na taa za nyuma zinachanganyikana nikikanyaga breki

MamaZawadi

Wakuu, habari za muda huu. Gari letu la nyumbani ni stesheni wagoni ya mwaka 2001, injini ya petroli, gia otomatiki. Ndilo linalopeleka watoto shule na wazee hospitali, likigoma nyumba nzima inasimama. Lina matatizo mawili na sijui kama yanahusiana.

Likitumika kila siku halina neno. Likilala siku mbili, ukipiga stata unasikia ka-ka-ka-ka na taa za dashibodi zinafifia. Tukibusti linawaka hapo hapo. Fundi alibadilisha betri, hali ikawa ile ile. Sasa anasema tununue alteneta, ile mashine inayochaji betri injini ikiwaka.

La pili, usiku nikikanyaga breki, taa ya breki ya kushoto inawaka kwa unyonge, na indiketa ya upande huo huo inapata mwanga kidogo wakati sijaigusa. Kulia kuko sawa. Balbu za kushoto zote nimeshabadilisha.

Nina multimita ndogo na najua kupima volti. Kabla ya kutoa hela ya alteneta nataka nijue ugonjwa uko wapi. Nianzie wapi?

Dereva_Mkongwe

Dada, njia rahisi: washa gari, kisha chomoa tamino moja ya betri. Likizima, alteneta imekufa. Lisipozima, ni nzima.

FundiRewaya

Dada, tafadhali usifanye hivyo. Mkuu hapo juu ametoa ushauri wa magari ya kabureta. Injini ikiwa inawaka, betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta. Ukiichomoa, volti zinaweza kuruka ghafla na kuua regyuleta (kidhibiti cha volti za alteneta) au kompyuta ya injini. Multimita yako inajibu swali hilo bila hatari yoyote.

Weka kwenye volti 20 DC. Gari likiwa limelala na betri imejaa, isome karibu 12.6. Washa injini, pima tena pale pale juu ya betri: 13.8 mpaka 14.5 maana yake alteneta inachaji. Ikibaki 12 na ushei, hapo ndipo tuanze kuizungumzia alteneta, na hata hapo angalia mkanda wake kwanza.

Kwa maelezo yako lakini, gari linalowaka vizuri kila siku na kufa likilala, mimi nashuku kuna kitu kinanyonya betri wakati mmelala. Na hizo taa za nyuma ni kesi nyingine kabisa: hiyo ni ethi, njia ya umeme kurudi kwenye betri. Niseme hapa kwa kirefu kidogo, maana watu wananunua balbu na holda bure.

Umeme wa taa ya breki lazima uende na urudi. Unarudi kwa waya wa ethi uliofungwa kwa boliti kwenye bodi, na taa zote za upande mmoja kwa kawaida zinachangia waya huo mmoja. Boliti ikipata kutu, umeme wa breki unakosa njia ya kurudi, unapenya kwenye nyuzi za balbu ya indiketa kutafuta ethi ya mahali pengine. Ndiyo maana breki inafifia na indiketa inapata mwanga ambao si wake.

Kuthibitisha: mtu akanyage breki na asiachie. Gusisha waya mweusi wa multimita kwenye chuma kisafi cha bodi, mbali na boliti hiyo, na mwekundu kwenye pini ya ethi ya holda ya kushoto. Ethi nzima inasoma karibu na sifuri, tuseme isizidi 0.2. Ikisoma volti kadhaa, umeipata. Lazima taa iwe imewashwa wakati unapima. Taa ikiwa imezimwa utapata sifuri hata kama ethi ni mbovu, kwa sababu hakuna umeme unaopita. Kupima omu (ukinzani wa waya) pia kunadanganya: waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utaonekana mzima mpaka uubebeshe mzigo.

Sasa kinachonyonya betri. Zima kila kitu, toa ufunguo. Waya mwekundu wa multimita uhamishie tundu la 10A, chagua ampia, kisha fungua tamino ya hasi na uiweke multimita katikati ya tamino na betri. Funga milango yote, subiri nusu saa ili vidude vya umeme vilale. Namba isizidi ampia 0.05. Multimita ikiwa hapo usiguse ufunguo kabisa, stata inavuta ampia nyingi mno na utaichoma. Ukikuta inavuta sana, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke.

BabaWatatu

Naongezea kwa sababu letu ni stesheni wagoni pia. Angalia taa ya buti. Weka simu humo ndani ikirekodi video, funga mlango wa nyuma, subiri kidogo, fungua uangalie. Pia kunjua ule mpira unaopitisha waya kati ya bodi na mlango wa nyuma. Waya hukatika humo ndani kwa kufungua na kufunga miaka yote hiyo, na kwa nje huoni kitu.

MamaZawadi

Ndugu zangu, nimepima. Betri 12.6, injini ikiwaka 14.2. Pini ya ethi ya kushoto, breki ikiwa imekanyagwa, inasoma 4.1! Kulia 0.05.

Ampia ni 0.42. Nilipochomoa fyuzi ya taa za ndani ikashuka mpaka 0.02. Nikaweka simu kwenye buti kama alivyosema BabaWatatu: mlango umefungwa na taa inawaka vile vile. Ni kibalbu kidogo kimeandikwa 5W. Kinaweza kweli kumaliza betri?

FundiRewaya

Kinaweza. Wati 5 kwa volti 12 na ushei ni kama ampia 0.4. Kwa saa 48, hiyo 0.42 inakula ampia-saa 20. Kama betri yako ni ya ampia-saa 45, karibu nusu imekwenda, na stata inataka nguvu nyingi kwa mkupuo. Alteneta usinunue.

Toa kibalbu hicho leo, halafu shughulikia swichi yake. Kwenye magari mengi iko ndani ya kitasa cha mlango wa nyuma, na mara nyingi ni uchafu tu umeibana. Kwenye ethi, fungua boliti, piga msasa mpaka chuma king'ae pande zote mbili, yaani kwenye bodi na kwenye kikonyo cha waya. Kaza kwanza, grisi ipake juu baadaye kuzuia maji. Kisha rudia kile kipimo cha breki, usiridhike na taa kuwaka tu.

Na hiyo betri mpya imeshashushwa sana mara kwa mara, jambo linaloiharibu. Ichaji polepole kwa chaja usiku kucha, usiitegemee alteneta kuijaza kwa safari fupi za shule. Iache saa kadhaa bila kazi, uipime tena. Ikishindwa kukaa juu ya 12.4, rudi hapa tuone kama bado ina uhai.