Wauza sarafu za Mjerumani Kanda ya Ziwa, mnaua mnada wenyewe halafu mnalia wanunuzi ni wabahili

Wakuu nawasalimu. Wale ambao uzi huu utawachoma, nawasalimu mara mbili.

Nimevumilia, nimechoka. Sisi tunaouza sarafu za kale kwa mnada wa mtandaoni huku Mwanza, Magu, Sengerema mpaka Ukerewe, kila wiki kilio ni kilekile. Wanunuzi wa Dar wanatulalia. Wazungu wanataka vya bure. Rupia nzima ya fedha ya enzi za Mjerumani imeondoka kwa hela ya mboga. Sasa fungua tangazo lenyewe uone: picha moja, imepigwa usiku, sarafu imelala kwenye kiganja, flashi imefuta uso wote wa Kaiser (mfalme wa Wajerumani), mwaka hausomeki. Maelezo yake: "Pesa ya Mjerumani orijino, ya kitambo sana, mwenye nia tu, bei njoo inboksi."

Bei njoo inboksi! Kwenye mnada! Huo ni mnada au ni posa? Utamu wote wa mnada ni mtu kuona kuna mwenzake anayekitaka kitu hichohicho. Ukiwaita mmoja mmoja pembeni, kila anayekuja anadhani yuko peke yake, anakutajia bei ya chini na kulala usingizi wake. Asubuhi unakuja hapa kutuambia soko ni gumu.

Soko si gumu. Mnunuzi yuko Arusha, mwingine yuko Hamburg, hajaishika sarafu yako na hataishika mpaka ameshalipa. Kwa hiyo kila usichomwonyesha anakikata kwenye dau lake. Hujaonyesha ukingo, anakata. Hujataja uzito, anahisi ni feki, anakata tena. Na kwa kuwa wengi mmeshamzoesha hivyo, anapokuja kwenye tangazo la mtu mwaminifu anakuja na kisu kilekile mkononi. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Uzembe wako unashusha bei ya mali yangu.

Naanza na hili la kusugua maana ndilo linaniumiza kuliko yote.

Juzijuzi nimepita Makoroboi, nikamkuta dogo mmoja kakalia ndoo iliyopinduliwa, ana rupia ya 1892 mkononi. Ile ya DOAG, kampuni ya Wajerumani iliyotoa sarafu huku kabla serikali yao haijaichukua kazi hiyo, mbele Kaiser mwenyewe, Wilhelm wa Pili, kavaa kofia ya chuma yenye tai juu, nyuma simba na mtende. Pembeni ana nusu ndimu, majivu kwenye kifuniko cha kopo la rangi, na stilwaya. Anasugua kwa moyo wote. Nikamuuliza, mdogo wangu unafanya nini? "Naitakatisha bro, ing'ae, kesho naipandisha mnadani." Mabawa ya tai yalishaisha, masharubu ya Kaiser yamebaki kivimbe tu. Upande wa simba ulikuwa bado haujaguswa. Nikamsihi auache hivyo hivyo, akaniangalia kama namwonea wivu.

Wakuu, ule weusi kwenye fedha si uchafu. Ni fedha yenyewe imebadilika rangi kwa miaka zaidi ya 100, na mkusanyaji anaupenda kwa sababu unamhakikishia kwamba hakuna mtu aliyeuchezea uso wa sarafu. Ukiusugua unabaki na mng'ao wa sufuria na mistari midogo ambayo wewe huioni, yeye anaiona akiigeuza geuza chini ya taa. Kampuni za Marekani zinazopima ubora wa sarafu, kama NGC na PCGS, zinatoa alama kuanzia 1 mpaka 70. Sarafu iliyosuguliwa vibaya haipewi namba kabisa, wanaandika tu kwamba imesafishwa. Yaani dogo wa Makoroboi ametumia nguvu zake na ndimu yake kujishushia bei. Kama ina udongo, iloweke kwenye maji safi, itoe, ikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa laini bila kusugua. Basi. Na hewa yetu hii ya ziwani yenye unyevu, usizifungie kwenye vile vijaladia laini vya plastiki ya PVC. Vikikaa vinatoa ute wa kijani unaokula shaba. Selotepu ndiyo sitaki hata kuizungumzia.

Uzito. Hivi mji wetu huu, uliozungukwa na machimbo ya dhahabu, una masonara wangapi? Kila mmoja ana mizani inayosoma mpaka sehemu za gramu. Nenda na sarafu yako, msalimie vizuri, mwombe akupimie, piga picha sarafu ikiwa juu ya mizani na namba inaonekana. Rupia ya fedha ya Mjerumani ina gramu 11.66, na fedha safi ndani yake ni kama gramu 10.7. Iliyotumika sana inapungua kidogo, hilo linaeleweka. Ikisoma 9, au ikidaka sumaku, hiyo peleka nyumbani watoto wachezee. Picha hiyo moja ya mizani inafanya kazi kuliko neno "orijino" ukiliandika mara kumi kwa herufi kubwa.

Picha zenyewe ni hivi: asubuhi, dirishani, bila flashi, karatasi nyeupe chini. Mbele, nyuma, ukingo. Kama ina mkwaruzo au tundu la mkufu (na nyingi za huku zimetobolewa, bibi zetu walizivaa), piga mkwaruzo wenyewe kwa karibu. Mtu akiona umemwonyesha kasoro kwa hiari yako anaamini na mengine uliyosema. Na ukituma WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha ya kawaida inabanwa, zile herufi ndogo zinapotea.

Na herufi ndogo ndizo zenye hela! Kuanzia 1904, serikali ya kikoloni ilipochukua kazi ya kutoa sarafu na rupia ikagawanywa kwa sarafu ndogo ziitwazo heller, 100 kwa rupia moja, badala ya pesa 64 (pesa hapo ni jina la sarafu ndogo ya shaba), sarafu zina alama ya mahali zilipopigwa: A ni Berlin, J ni Hamburg. Mwaka uleule, herufi tofauti, bei tofauti. Wewe unaandika "heller ya zamani" unaishia hapo, mnunuzi anayejua anakuza picha, anaona herufi, ananyamaza, anakupa dau la chini kabisa. Hajakuibia. Umempa.

Kuna mwingine wiki iliyopita kaweka "sarafu ya Sultani wa Zanzibar, ina Kiarabu". Nikafungua. Upande mmoja Kiarabu kweli, upande wa pili tai wa Ujerumani na jina zima la Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft limezunguka. Hiyo ni pesa ya DOAG ya 1890 mpaka 1892, walipiga Kiarabu kwa sababu watu wa pwani ndicho walichokuwa wanakisoma. Ya Sultani Barghash ya mwaka 1299 wa Hijria ina mizani. Ukikosea jina, anayeitafuta haioni kabisa kwenye utafutaji, na anayeiona anajua muuzaji hajui. Geuza upande wa pili basi, jamani, ni sekunde mbili!

Sasa ya Tabora. Kila mtu huku ana mjomba mwenye "ile ya tembo". Rupia 15 za dhahabu zilipigwa 1916 kwenye karakana ya reli Tabora, Wajerumani wakiwa wamezibwa njia zote na vita, dhahabu ikitoka mgodi wa Sekenke kule Singida. Zilipigwa takribani 16,000 tu, halafu Septemba mwaka uleule Wabelgiji wakaingia Tabora. Ina tembo kanyanyua mkonga, mlima nyuma yake. Ni sarafu ya maana kweli, na ndiyo maana feki zake zimejaa. Ya kweli ina gramu karibu 7.17 na dhahabu yake ni 750 kwa 1,000, hivyo dhahabu safi ndani ni kama gramu 5.4. Hiyo gramu 5.4 ni sakafu yako, hata mtu aliyelewa asikuchukulie chini ya hapo. Nasema kwa sababu kuna mtu (simtaji, anajijua) aliyempelekea sonara ayeyushe atengeneze pete. Mkusanyaji angelipa sarafu, sonara amelipa vumbi. Na ndugu zake heller 20 za shaba nyekundu na za shaba ya manjano, nazo za Tabora zenye alama ya T, mnaziuza kwa fungu bila kuangalia taji lake ni kubwa au dogo. Wakusanyaji wanazitofautisha kwa taji na kwa umbo la herufi. Mnauza kwa fungu kama dagaa!

Bei ya kuanzia. Mtu anasikia mahali kwamba rupia moja iliuzwa mamilioni Ulaya, anaweka ya kwake iliyosagika ianzie milioni mbili. Siku saba, dau sifuri. Anairudisha tena milioni mbili. Tena sifuri. Sasa imekuwa sarafu ya aibu, kila mtu ameiona ikikataliwa. Anzia chini, watu waingie, wagombane. Kama unaogopa, weka kiwango cha siri ambacho chini yake huuzi, lakini sema wazi kwamba kipo. Ukitaka kujua kiwango, angalia zilikouzwa kweli, siyo zinakotangazwa. Kutangaza hata mimi naweza kutangaza jiwe la Bismarck, lile lililosimama ziwani hapa Mwanza.

Halafu wale wanaomweka shemeji apandishe dau. Tunawaona. Akaunti ya jana, haina picha, inapanda kila mtu anapopanda, na ikishinda kwa bahati mbaya sarafu inarudi mnadani Jumatatu. Admini wa kundi moja la hapa mjini anachukua asilimia yake kwa kila mauzo na hilo analifumbia macho. Mwenye hela akishaling'amua anaondoka na wenzake, na hawarudi.

Muda nao. Nani aliwaambia mfunge mnada Jumanne saa 5 asubuhi, tarehe 19 ya mwezi, watu wako kazini na mfukoni hamna kitu? Funga Jumapili saa 4 usiku. Wakati huo Ujerumani ni saa 2 usiku majira ya baridi na saa 3 kiangazi, mzee wa watu kashakula yuko kwenye kompyuta yake. Na dau likiingia dakika ya mwisho, ongeza dakika tano. Mkisema tu "mwisho saa 4 kamili" mnamzawadia mwenye intaneti ya kasi, siyo mwenye hela nyingi.

Kabla sijasahau: aliyeweka gobole la babu yake katikati ya sarafu, shusha tangazo leo. Kuna sheria ya silaha ya 2015, bunduki inahitaji leseni, kuukuu isiwe kisingizio. Itapelekwa kituoni, haitapelekwa mnadani. Huko nje wanaouza bunduki za kukusanya wana wafanyabiashara wenye leseni na karatasi zao. Wewe una bando la siku moja.

NYONGEZA, nawajibu waliotangulia:

Mkuu uliyesema nawatetea Wazungu: sijamtetea mtu. Mtu akikudanganya kuhusu mzigo wako, mlipue hapa nitakuunga mkono. Lakini huwezi kuficha mwaka, uzito na ukingo halafu ukaita dau dogo ubaguzi.

Dada wa Nansio mwenye heller 10 zenye tundu: hilo tundu la katikati ni la kiwandani, usiliandike kama kasoro. Ziko nyingi, ila nipigie picha ile herufi ndogo kabla hujaziweka.

Wale mnaodai rupia yenu ina majini, inavuta mchele na kuzima simu, mpite. Hapa tunauza chuma na historia, majini hayana mizani.

Na wewe wa Igoma mwenye senti 10 ya 1936 ya Edward wa Nane unayetaka milioni tano kwa kuwa "mfalme alikaa chini ya mwaka mmoja": ni kweli alikaa chini ya mwaka, na ni kweli jina lake liko pale kwa sababu sarafu ya tundu haikuhitaji sura yake. Lakini zilipigwa kwa mamilioni, ndugu yangu. Weka nne pamoja, anzia elfu tano, uone kama hazitaondoka.