Naomba ushauri: kitabu gani nimpe kaka yangu anayempiga mwanawe kama tulivyopigwa sisi?

Binti Vunjo

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Mimi naishi Arusha, Sakina, ila nyumbani ni Kirua Vunjo. Nina kaka tumeachiana ziwa, ni fundi magari pale Moshi mjini. Marehemu baba yetu alikuwa mchapaji. Sizungumzii fimbo mbili tatu za mzazi wa zamani. Alikata mkanda wa mashine ya kusaga, ukawa unaning'inia nyuma ya mlango wa jiko, na ulikuwa na kazi hiyo moja tu. Siku za ripoti za shule kaka alikuwa ananivalisha kaptura zake chini ya sketi, mbili au tatu, ili mkanda usifike mwilini. Yeye akishanivalisha zinakuwa zimemwishia.

Sikukuu iliyopita nilimpelekea mwanawe suruali, nikamwambia ajaribu tuone kama inamtosha. Akavua aliyovaa. Ndani kuna kaptura. Chini ya kaptura, kaptura nyingine. Nikamuuliza, baba, unasikia baridi? Kimya. Nimemuuliza wifi, nimemuuliza mama, hakuna aliyemfundisha. Kaka alikuwa kwenye kochi palepale, akaona nilichokiona, akatoka nje kuwasha sigara.

Kuongea hataki. Ukitaja tu marehemu anakujibu "mbona hatukufa?" Kanisani anaenda Krismasi. Lakini anasoma! Tangu tuko wadogo ni mtu wa Willy Gamba, zile riwaya za Elvis Musiba, na mpaka leo kwenye sanduku lake la spana hakosi kitabu kilichojaa alama za vidole vya oili.

Naomba riwaya ya Kiswahili (Kiingereza chake ni cha kusomea majina ya spea) inayohusu familia, machungu yanayotoka kwa baba kwenda kwa mtoto, na mtu anayepona kwa kupendwa. Vitabu vya nasaha sitaki. Akinusa mahubiri atachana kurasa afutie grisi.

Niongeze kitu, maana naona kinahusiana. Babu mzaa baba alipelekwa Burma na jeshi la Mwingereza, vita vya pili. Bibi alikuwa akisema aliyerudi siye aliyeondoka. Usiku babu alikuwa anakaa mgombani na panga mpaka kunakucha. Baba alizaliwa katika hali hiyo.

Kitabu Mezani

Pole sana dada. Nianze na cha kutompa. Mtu yeyote atakutajia Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya 1971, kwa sababu Zakaria ndiye baba mkali mlevi maarufu kuliko wote katika vitabu vyetu. Anampiga Rosa vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana, na kitabu kizima kinakuonyesha pigo lile linakwenda kutokea wapi. Ni kitabu kikubwa, na kuna wakati kilizuiwa mashuleni. Lakini Rosa anaishia kujiua. Mtu ambaye hajawahi kufungua mdomo kuhusu mkanda wa baba yake usimwanzishie hapo. Kisome wewe.

Kwa maelezo yako naona Siku Njema ya Ken Walibora (1996). Kongowea anakulia Tanga, mama yake ni Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu. Baadaye anavuka mpaka kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Kina safari, vituko, watu wabaya na watu wema wa njiani, kwa hiyo msomaji wa Willy Gamba hatasinzia. Na jambo unalolitaka wewe limefichwa humohumo: mtoto anayemdai baba yake maelezo.

Cha pili Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, 1976. Fuad anamkataa binti yake kwa sababu amezaliwa mweusi. Rehema anaangukia mjini, anapitia anayoyapitia, mpaka anapokutana na Sulubu, mtu wa jembe asiye na kitu, anayempenda bila kumuuliza ya nyuma. Lugha yake ni ya Unguja na ni nzito kidogo, na usitegemee mwisho wa vigelegele. Ila zile kurasa za Rehema na Sulubu shambani sijaona mfano wake.

Chalii wa Ngarenaro

Dah, dada umeandika vizuri ila tusidanganyane. Haya mambo ya kurithi maumivu ni ya wazungu wenye muda. Sisi wote tulichapwa na tumekuwa watu. Kaka yako anafanya kazi, hanywi, analisha familia. Unataka kumfanya mgonjwa kwa sababu ya kaptura?

Nesi Mstaafu

Chalii, mtoto anayevaa kaptura mbili nyumbani kwao hajawa mtu bado, anajificha. Tuanzie hapo.

Hilo la kurithi tuliweke sawa, maana mitandaoni watu wanalikuza. Kuna utafiti unaotajwa sana, wa Rachel Yehuda na wenzake kule New York, juu ya walionusurika mauaji ya Wayahudi na watoto wao. Waliona alama kwenye jeni moja inayohusika na msongo, kwa wazazi na kwa watoto. Lakini waliopimwa walikuwa wazazi 32 na watoto 22, na wanasayansi wengine wameukosoa kwa uchache huo. Kwamba kiwewe cha babu kinapita kwenye damu mpaka kwa mjukuu, kwa binadamu halijathibitishwa. Njia nyingine haihitaji maabara. Babu halali, baba anakua kwenye nyumba ambayo mlango ukigongwa kila mtu anashtuka, anajifunza kwamba mtoto asiyenyamaza ni hatari. Kaka yako naye akajifunza kwa baba.

Sasa kabla ya kitabu: mtoto ana majeraha? Amekosa shule? Namba 116, Simu kwa Mtoto, ni bure mtandao wowote, na anayepiga si lazima awe mzazi. Kuna maafisa ustawi wa jamii halmashauri, na dawati la jinsia na watoto polisi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamlinda hata dhidi ya baba yake. Sisemi mkamfunge kaka. Nasema wifi yako awe na namba hiyo kichwani, maana riwaya inasomwa kwa wiki na mkanda unashuka kwa sekunde.

Binti Vunjo

Asante sana mama. Majeraha ya kuonekana hakuna, wifi amenihakikishia, na yeye sasa anasimama katikati. Namba nimempa.

Chalii, kaka simwiti mgonjwa. Ndiye aliyenivalisha kaptura. Hapo ndipo ninaposhindwa kuelewa.

Pdf Tafadhali

Wakuu mwenye pdf ya Siku Njema aitupie hapa

Kitabu Mezani

Kanunue kitabu wewe.

Mzee wa Mwika

Binti yangu, nimesoma mpaka mwisho. Hapo kwenye babu wa Burma umenigusa, maana wako wengi milimani waliorudi hivyo na hakuna aliyewauliza kitu. Walipokelewa kwa mbege, kesho yake wakapewa jembe.

Na huku kwetu machungu ya kurithi si habari ngeni. Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani hukohuko mwezi Machi 1900, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Ukoo umekitafuta miaka na miaka. Mwaka 2023 watu wa makumbusho kule Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeonyesha baadhi ya mafuvu waliyoyahifadhi yana ndugu hai hapa Tanzania. Zaidi ya miaka mia na ishirini, na bado kuna watu wanasema hatujazika. Sasa Chalii aniambie hayo nayo ni ya wazungu.

Kuhusu kitabu sina la kusema, macho yangu yameisha. Nakuuliza jambo lingine: nani amewahi kumwomba kaka yako msamaha? Baba amekufa bila kuomba. Kwetu jani la isale likifungwa fundo likaletwa kwako, umeombwa radhi, na mtu mwenye akili zake halirudishi. Isale limepandwa mipakani na makaburini kwa sababu hiyohiyo, ndilo linaloshuhudia. Mama yenu yupo hai. Alikuwa jikoni, upande wa pili wa ule mlango.

Binti Vunjo

Shikamoo mzee. Hapo umenipiga pabaya.

Mama alikuwa anatukanda na maji ya chumvi baada ya baba kutoka. Hajawahi kusema neno. Nikimwambia abebe isale kwa mwanawe atasema namtukana, yeye mkubwa aombe radhi kwa mtoto?

Mzee wa Mwika

Marahaba. Usimwambie wewe. Ana dada yake? Ana rika lake kanisani? Mtu mzima huambiwa na mtu mzima mwenzake. Na asianze kwa kuomba radhi, aanze kwa kusimulia. Aeleze siku moja tu, aliyoiona yeye, kwa macho yake. Kaka yako nadhani anaamini hakuna aliyeona.

Mwalimu wa Taveta

Hamjambo majirani. Nashangaa hakuna aliyetaja Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Huku kwetu kilikuwa kitabu cha lazima kidato cha tatu na nne, wanafunzi wengi walikisoma kwa kulalamika, lakini mimi nimekifundisha na sijakichoka. Ridhaa anapoteza familia yake katika vurugu za baada ya uchaguzi, nyumba inateketezwa. Anabaki na mwanawe Mwangeka, aliyekuwa nje ya nchi. Baadaye Mwangeka na mkewe Apondi wanamchukua Umu, mtoto asiye wao, wanamlea. Ukitaka mtu anayepona kwa kupendwa, ni hapo. Nampenda mwandishi kwa sababu hakufanya mapenzi yawe dawa ya siku moja. Ridhaa anabaki na majivu yake kwa muda mrefu, na watu wanamwacha awe nayo.

Kasoro: wahusika ni wengi mno, wanafunzi wangu walikuwa wanachora ukoo nyuma ya daftari. Kaka yako akichanganyikiwa usimlaumu.

Kitabu Mezani

Kweli, nilikisahau, na kwa mada hii kinafaa kuliko Nyota ya Rehema.

Kwa ajili yako mwenyewe dada, kama Kiingereza hakikusumbui, tafuta Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, ya 2020. Hamza ni kijana wa pwani anayejiunga na askari wa Mjerumani, anarudi na jeraha la nyongani na mambo asiyoweza kuyasema. Anaoana na Afiya, ambaye naye aliwahi kuvunjwa mkono na mlezi wake kwa kosa la kujua kuandika. Wanapendana kwa upole sana, lakini mtoto wao anaanza kusikia sauti. Soma ukimfikiria babu yako wa mgombani. Kwa kaka, Gurnah anapatikana kwa Kiswahili kupitia Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Yusufu anawekwa rehani na baba yake kwa sababu ya deni, anaambiwa anakwenda kwa mjomba. Ila kipe nafasi ya tatu au ya nne, si ya kwanza.

Na usimkabidhi kitabu mkononi ukimwangalia usoni. Kisahau kwenye gari lake.

Chalii wa Ngarenaro

Nimerudi. Bado sijakubali yote, lakini hiyo ya kwamba ndiye aliyekuvalisha kaptura nimeilalia. Mwulize kaka kama anakumbuka. Usimwambie la mtoto. Mwulize la kwako tu.

Binti Vunjo

Chalii, hilo sikuwa nimeliwaza, na nakushukuru.

Nimeamua hivi. Siku Njema naanza nayo, nitaisahau kwenye gari. Mama nitamwachia mama mdogo aliyeko Himo, ana ulimi mzuri. Mwalimu, Chozi la Heri naweza kuipata vipi bila kuja mpaka Taveta? Wifi ameshakubali mtoto aje kwangu likizo ya Juni, na kaka hakupinga. Yuko darasa la tatu, anasoma polepole na anaona aibu kusoma kwa sauti. Mwenye kujua vitabu vya umri huo anitajie.

Mwalimu wa Taveta

Nakala zilizotumika zimejaa hapa. Nitumie ujumbe wa faragha, kuna basi la asubuhi linalopita Holili na dereva namfahamu. Za mtoto nitaongeza vitabu viwili vya hadithi vyenye picha nyingi, na usimsomeshe kwa sauti wiki ya kwanza. Msomee wewe.

Nesi Mstaafu

Na Maktaba ya Mkoa hapo Arusha mpeleke Jumamosi, achague mwenyewe. Hata akichagua cha magari.