"PUMZIKA"?? Mtu kavuruga DNS (ile inayogeuza majina ya seva kuwa anwani za IP) ya klaudi mbili halafu mimi ndo nipumzike?

Wakuu naandika mikono inatetemeka, hata chai sijanywa. Yule jamaa wa netiweki, mnamjua, kila ofisi inaye, yule wa vitambulisho sita shingoni, leo kanitoa nishai kwenye kikao mbele ya mkurugenzi wa fedha. Eti "kwangu inafunguka, labda mwenzetu umechoka, pumzika." Pumzika! Mimi niliyekesha toka saa nne usiku!

Sisi tuna seva zetu pale chini, vitu vingine viko AWS, klaudi ya Amazon, halafu fedha wakaamua mafaili ya mishahara yakae Azure, klaudi ya Microsoft. Sawa. Jamaa akaweka praiveti endipointi (mlango wa ndani wa kufikia hayo mafaili) na zoni yake ya DNS (orodha ya majina na IP), ukiwa ndani ya Azure jina linajibu IP ya ndani safi kabisa. Njoo ofisini sasa! Napiga nslookup, amri ya kuuliza jina lina IP gani, inawaza weeee, kisha inanitemea IP ya umma, nikienda huko nafukuzwa kama mbwa koko. Kisa? Fowada ya DNS ya ofisini, ile inayosukuma maswali ya majina mbele, kaielekeza moja kwa moja 168.63.129.16, anwani ya DNS ya Azure yenyewe. Wakuu ile anwani inajibu mashine zilizo ndani ya Azure tu! Kutoka ofisini ipigie hadi wajukuu wazeeke, haipokei. Ilitakiwa aweke rizolva (seva ya kujibu maswali ya DNS) kulekule Azure yenye IP ya ndani, maswali ya ofisini yapitie hapo. Na maswali ya AWS nayo kayazungusha ofisini kwanza, kwa hiyo huko nako msiba.

Nikamweleza kwa upole. Akasema pumzika.

Sasa sikieni kwa nini kwake inafunguka. Kashea skrini mwenyewe kwa mbwembwe, faili la hosts, lile la majina na IP linalosomwa na kompyuta yako tu kabla ya DNS, hilo hapo wazi kwenye Notepad, IP kaziandika kwa mkono mistari kama arobaini! Ile siyo kompyuta ina DNS, lile ni daftari la madeni la kwa Mangi. Na bosi anatikisa kichwa kuitikia. Pumzika!!

Kipara wa Seva: Nimekaa paleee na karanga zangu.

Chumvi Nyingi: Mtoa mada hasira zako zina TTL (sekunde ambazo jibu la DNS linatunzwa) ya ngapi? 86400? Maana hadi kesho hazishuki hizi

Mpiga Kebo: Acha kulia. Oktoba 2025 AWS wenyewe rekodi ya DNS ya DynamoDB, hifadhidata yao, kule us-east-1 (kanda yao ya Marekani) ilibaki tupu, watu dunia nzima wakakosa huduma, sembuse jamaa yako na vitambulisho vyake.

Mtoa mada: Hao hawakumwambia mtu PUMZIKA

Bibi Ruta: Afadhali yako. Sisi domeni ya ndani waliipa jina lilelile la tovuti, na rekodi ya www hakuna aliyeiweka upande wa ndani, basi ukiwa ofisini tovuti ya kampuni yako mwenyewe haifunguki, watu wanazima waifai wanaingia kwa bando lao. Mwaka wa tatu huu, tumezoea.

Chumvi Nyingi: Bando lipi tena, la kwangu la wiki limekata siku ya pili na sijaangalia hata video moja

Kipara wa Seva: Bora bando. Kiyoyozi cha chumba cha seva kwetu kinavuja, tumekinga ndoo juu ya UPS, ile betri ya akiba ya umeme.

Bibi Ruta: NDOO???

Mpiga Kebo: Uzi bila picha haunogi, tupia picha mkuu

Mtoa mada: Jamani mada ilikuwa DNS

Mpiga Kebo: Pumzika kwanza tuone ndoo.