Hattie McDaniel: tumlaumu au tumpe heshima yake?

Bint Kisauni: Mweusi wa kwanza kabisa kupata Oscar ni Hattie McDaniel, kwa kucheza mjakazi katika Gone with the Wind. Usiku wa tuzo, Februari 1940, alikalishwa meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake wa filamu hiyohiyo. Swali langu: kwa kukubali nafasi za ujakazi, alitufungulia mlango au aliufunga?

Mzee wa Majengo: Aliufunga. Kipaji chote kile, filamu baada ya filamu amevaa aproni ya hausigeli! Fredi Washington, mwigizaji mweusi wa kike wa enzi hizo, rangi yake ilimruhusu kujipitisha kama Mzungu, akakataa katakata. Huyo ndiye wa kusifiwa.

Mama Zuu: Kaka, tangu lini aproni ikawa aibu? Mama yangu alifanya kazi za ndani Upanga miaka kumi na minane na ada yangu ilitoka humo. Na anaitwa dada wa kazi. Hattie mwenyewe alipika na kusafisha majumbani mwa watu pale filamu zilipokosekana.

Mzee wa Majengo: Sijamtaja mama yako. Nazungumzia filamu.

Mama Zuu: Umesema hausigeli. Wote tunasoma.

Bint Kisauni: Jamani, mada. Huyo Fredi, baada ya filamu yake Imitation of Life ya 1934, studio zilimpa nini? Kanuni za Hays, yaani kanuni za maadili za filamu za Hollywood, zilipiga marufuku mapenzi ya mweusi na Mzungu kwenye filamu. Kwa ujakazi akaonekana mweupe mno, kwa kupendwa akahesabiwa mweusi. 1937 akashiriki kuanzisha chama cha waigizaji weusi.

Kijana wa Eastlands: Na mwigizaji mweusi Nina Mae McKinney je? Aling'ara kwenye filamu ya Hallelujah, 1929, studio ya MGM wakampa mkataba halafu hawakumpa kazi ya maana. Akavuka Ulaya, akacheza na Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji mweusi wa Marekani, katika Sanders of the River, 1935, filamu ya kumtukuza mkoloni. Humo ndani, katika kundi la waigizaji wa ziada, yumo Jomo Kenyatta! Mbona yeye hatumlaumu?

Wa Gatundu: Mzee Kenyatta muache. Alikuwa London, mfukoni hana kitu, akatafuta riziki.

Kijana wa Eastlands: Sijamtukana. Nimeuliza.

Wa Gatundu: Umemweka kwenye mizani moja na watu wa Hollywood. Yule alikuwa anapigania ardhi.

Mama Zuu: Rudia hilo neno riziki. Mwanamume akiipata kwa mkoloni ni riziki, Hattie akiipata ni aibu?

Mzee wa Majengo: Robeson aliijutia filamu ile hadharani.

Mama Zuu: Robeson alikuwa na jukwaa na sauti ya kuimbia dunia. Hattie angejutia wapi? Alipofariki 1952, makaburi aliyoomba azikwe yalimkataa kwa rangi yake.

Mzee wa Majengo: Hilo la makaburi sikulijua. Neno hausigeli nalifuta, Mama Zuu, na mama yako namheshimu. La Hattie sijalifuta.