Tupeane uzoefu: .22 nusu otomatiki ya bei nafuu inayopiga penye shabaha

Mleta mada

Wakuu, swali la kila anayetaka bunduki ya .22 (kipenyo cha inchi 0.22 hivi) ya mazoezi ya shabaha ni moja: ipi haina gharama kubwa, inajipakia yenyewe, na bado matundu yanakaa pamoja kwenye karatasi? Majibu mengi huishia kwenye jina la bunduki. Tuweke vitu vya kupimika: sehemu, vipimo, kinachoharibika na kwa nini. Visa vya mawindo viwe na siku yake.

Nianze na utaratibu wa mashine yenyewe, maana mengine yote yanatoka hapo. Kwenye .22 LR (Long Rifle, risasi ya kawaida ya bunduki hizi) fataki, yaani kemikali inayowasha baruti, haiko katikati ya kitako cha ganda, imo ndani ya ukingo wake, na pini hugonga ukingo huo. Boliti (kipande kinachofunga nyuma ya mtutu) ya bunduki hizi kwa kawaida haijifungi popote. Inazuiwa na uzito wake na springi tu. Risasi ikilipuka, gesi inasukuma ganda nyuma, ganda linasukuma boliti. Risasi dhaifu haiifikishi boliti mwisho, na kali kupita kiasi inaigongesha boliti nyuma kwa nguvu hadi sehemu zinachakaa. Nusu otomatiki inayolenga vizuri ni ile iliyopata risasi inayoizungusha bila kukwama na wakati huohuo inayopendwa na mtutu wake.

Fundi Mitutu

Kwa bei ya chini majina yanayorudi ni Ruger 10/22, Marlin Model 60 na Savage 64.

10/22 ipo tangu 1964. Magazini yake ya kuzunguka inachukua risasi 10 na ni sehemu mojawapo bora za bunduki hiyo, kwa sababu midomo inayoelekeza risasi ni ya chuma na kila risasi inakaa kwenye nafasi yake, ukingo haukamati ukingo wa jirani. Mtutu umeshikwa na kipande chenye umbo la V na skrubu mbili, kwa hiyo unabadilishwa mezani kwa ufunguo wa alen. Udhaifu wake ni triga (kifyatulio) ya kiwandani, ambayo mara nyingi huhitaji kilo 2.3 hadi 3.2 za nguvu, na chemba (sehemu ya mtutu risasi inapokaa) iliyolegea kidogo ili imeze risasi ya aina yoyote.

Model 60 ilianza 1960. Mtutu wake una mifereji 16 isiyo na kina ya kuizungusha risasi, na ukiutoa kwenye boksi kama ulivyo mara nyingi unapiga vizuri kuliko 10/22 ya kawaida. Ruger iliinunua Marlin mwaka 2020, na Model 60 nyingi utakazokutana nazo ni za mkono wa pili. Magazini ni mrija ulio chini ya mtutu. Hapo panahitaji umakini: ukishautoa mrija wa ndani na kumwaga risasi, bado moja inaweza kuwa kwenye kipandishio (kinachoinua risasi kwenda chemba) na nyingine chemba. Vuta boliti mara kadhaa, kisha tazama kwa macho na uguse kwa kidole.

Savage 64 ina magazini ya boksi ya risasi 10, na kuna toleo la wanaotumia mkono wa kushoto. Ukiweza kuongeza kidogo, Savage A22 inakuja na triga unayoweza kuirekebisha mwenyewe.

Jicho Kali

Mkuu Fundi, nakubaliana nawe kuhusu mtutu wa Model 60, ila mtu anayetaka kuboresha polepole namshauri 10/22 bila kusita. Vipuri vyake ni vingi mno. Hatua ya kwanza ni triga: seti ya BX ya Ruger wenyewe inashuka hadi kati ya kilo 1.1 na 1.4, na inaingia kwa kuchomoa pini mbili. Triga nzito haiharibu mtutu, inamharibu mpigaji, kwa sababu anaivuta bunduki pembeni kabla risasi haijatoka. Mtutu mzito uje baadaye, kama karatasi itauomba.

Kwenye toleo lenye pete inayofunga mtutu na kitako kwa mbele, pete hiyo ikikaza inasukuma mtutu upande, na mtutu ukipata joto matundu yanahama. Jaribu kuilegeza, upige tena, ulinganishe. Skrubu inayoshika bunduki kwenye kitako ikazwe kwa kipimo kilekile kila mara: nyutoni mita 1.7 hadi 2.3 zinatosha.

Mzee wa Shabaha

Vijana, mmeanza na chuma, mimi naanza na risasi. Bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja wiki moja zinaweza kupenda risasi tofauti kabisa, na hakuna anayejua kabla ya kupiga. Fedha ya kwanza baada ya kununua bunduki iende kwenye boksi moja moja la aina tano au sita, kabla ya darubini ya kifahari na kabla ya triga mpya.

Gawanya kwa mwendo. Za kawaida hutoka kwenye mita 320 hivi kwa sekunde, za kasi hufika 380 au kidogo zaidi. Sauti husafiri mita 340 kwa sekunde hewa ikiwa nyuzi 15. Risasi ya kasi inaanza juu ya mwendo wa sauti, kisha inashuka chini yake ikiwa njiani, na pale inapovuka inatikiswa. Ndiyo maana wapigaji wa mashindano wanatumia za mwendo wa kawaida. Jambo jingine linalowashangaza wengi ni upepo: risasi ya kasi ya .22 hupeperushwa zaidi ya ile ya kawaida, kwa sababu inapoteza mwendo wake kwa haraka zaidi, na kinachoamua upepo utaisogeza kiasi gani ni mwendo unaopotea njiani.

Sasa tatizo la nusu otomatiki: nyingine hazizunguki vizuri na risasi ya mwendo wa kawaida, hasa zikiwa mpya na springi bado ngumu. Zizoeshe kwanza kwa risasi za kasi zenye kichwa cha greini 40 (gramu 2.6 hivi), kama CCI Mini-Mag, mamia kadhaa, kisha rudi kwenye CCI Standard Velocity au SK Standard Plus uone kama zinatupa ganda bila kusitasita. Zikikubali, hapo umepata bunduki ya shabaha kwa gharama ndogo.

Namna ya kupima: mita 50, sehemu ya mbele ya kitako juu ya mfuko wa mchanga, na mfuko mwingine nyuma. Ukibadilisha aina ya risasi, piga kumi hadi ishirini pembeni kwanza bila kuzihesabu, maana risasi hizi zina nta au grisi kwa nje na mtutu unahitaji kupakwa ile mpya. Kisha piga makundi matano ya risasi tano tano, upime kati ya vitovu vya matundu mawili yaliyo mbali zaidi, uchukue wastani. Kundi moja zuri halithibitishi chochote. Bunduki ya bei nafuu yenye risasi iliyoipenda ikikupa wastani wa milimita 20 hadi 30, ina afya. Ikikaribia 15 usiiuze.

Tazama pia risasi ya kwanza ya kila magazini. Ile umeiingiza kwa mkono, zinazofuata zimeingizwa na boliti kwa nguvu yake, na kwenye bunduki nyingine hiyo ya kwanza hutua kando. Achia boliti ijirudishe yenyewe kwa nguvu kamili. Usiisindikize kwa mkono.

Kipimo

Swali kwa Fundi: nikibadilisha mtutu wa 10/22, nichukue chemba ya mashindano iliyobana au ya kawaida?

Fundi Mitutu

Chukua ya Bentz. Ni chemba ya kati, imefikiriwa kwa ajili ya nusu otomatiki. Iliyobana kabisa hufanya kichwa cha risasi kiingie kwenye mifereji mara inapopakiwa. Matundu yanakuwa mazuri, lakini uchafu kidogo tu unazuia boliti kufunga. Halafu ukitaka kuitoa risasi ambayo haijapigwa, kichwa kinaweza kubaki mtutuni na baruti ikamwagika ndani ya mashine. Risasi za CCI Stinger zina ganda refu kuliko .22 LR za kawaida, usiziingize kwenye chemba iliyobana.

Lenzi

Upande wa darubini, tafuta iliyotengenezwa kwa ajili ya .22, ambayo taswira na alama ya msalaba zimesawazishwa kwa mita 45 hadi 50. Za bunduki kubwa huwekwa kwa takriban mita 90 au 100, kwa hiyo ukisogeza jicho kidogo ukiwa mita 25, alama inatembea juu ya shabaha ingawa bunduki imetulia. Nguvu ya kukuza mara 3 hadi 9 inatosha. Angalia reli kabla ya kununua vishikio: bunduki nyingi za .22 zina mfereji mwembamba wa milimita 9.5 hadi 11, na vishikio vya Weaver, vya reli pana, havikai hapo.

Ukisawazisha kwa mita 50, tegemea risasi ya kasi ishuke sentimita 15 hadi 18 ikifika mita 100; ya mwendo wa kawaida hushuka zaidi.

Usafi Kwanza

Ikikwama, soma dalili kabla ya kulaumu.

Ganda limesimama wima kwenye dirisha la kutolea maganda: risasi dhaifu, boliti chafu, au kucha ya kuvutia ganda imejaa masizi. Chokoa chini ya kucha kwa kijiti cha mbao. Hilo peke yake hutibu nyingi.

Risasi inagonga ukingo wa chemba badala ya kuingia: tazama midomo ya magazini. Usiweke mafuta ndani ya magazini, yanakusanya baruti isiyoungua na nta.

Imegonga haikulipuka: elekeza mtutu sehemu salama, subiri sekunde 30, kisha itoe. Alama hafifu kwenye ukingo humaanisha boliti haikufunga vizuri au pini ni chafu. Alama ikiwa na kina, fataki haikuenea sawa ndani ya ukingo.

Mlio hafifu kuliko kawaida: simama papo hapo. Pakua, kagua mtutu kama kichwa kimenasa. Ukipiga nyingine juu yake mtutu unavimba au unapasuka.

Kusafisha: mgongo wa 10/22 umeziba, kwa hiyo fimbo huingia mdomoni mwa mtutu na kuukwangua. Mdomo huo ndio wa mwisho kuigusa risasi, ukipata kovu kundi linafunguka. Tumia kamba ya kuvuta kutoka chemba. Mtutu usiusugue kila siku. Chemba ndiyo inayotaka brashi, kwa sababu pete ya masizi hujengeka mbele yake. Ukimaliza nawa mikono, ni madini ya risasi (ledi) hayo.

Kipimo

Na ya mkono wa pili, nitazame nini?

Mzee wa Shabaha

Hakikisha ni tupu, kisha pitisha pamba mdomoni mwa mtutu. Ikinasa nyuzi, pana kovu. Mulika chemba upande ambao pini hugonga. Kibonyeo pale kimetokana na kufyatua bila risasi. 10/22 inavumilia hilo, Model 60 haivumilii. Omba magazini yake ya asili, jaza, piga magazini mbili mfululizo bila kukwama, na kila ganda liruke mbali. Taratibu za leseni na uhamisho wa umiliki zikamilishwe kabla fedha haijatoka mfukoni. Ukuta wa nyuma ya shabaha uwe wa udongo, maana hata hiki kirisasi kidogo kinaweza kwenda zaidi ya kilomita mbili.