Taarifa za benki kwa mhasibu: faili la aina gani linafaa?

Ndugu zangu wa Kampala,

Salaam. Mhasibu anayeniandalia ritani ya kodi ya URA (mamlaka ya mapato ya Uganda) amezikataa picha za skrini za taarifa yangu ya benki nilizomtumia kwa barua pepe, akisema anataka faili linaloweza kujumlishwa. Naomba mwongozo wenu.

---

Dada yangu,

Mhasibu wako ana haki. Picha husomeka kwa macho tu, kwa hiyo angelazimika kuchapa upya kila muamala, na makosa huingia hapo hapo. Ingia kwenye akaunti yako kwa kompyuta, chagua kipindi cha tarehe 1 Julai hadi tarehe 30 Juni, ambacho ndicho mwaka wa kodi wa Uganda, kisha angalia kama benki inakuruhusu kupakua faili la Excel au la CSV (jedwali la maandishi matupu, ambalo safu zake hutenganishwa kwa alama ya mkato). Mpelekee hiyo pamoja na PDF ya kipindi hicho hicho, kwa sababu CSV yeyote anaweza kuibadilisha, na PDF ya benki ndiyo atakayotumia kuhakiki salio la mwanzo na la mwisho.

Ukipata CSV, nakusihi usiifungue kwa Excel ukaihifadhi tena kabla ya kuituma. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Namba ya muamala iliyo ndefu zaidi ya hapo humaliziwa kwa sifuri, na sifuri zinazotangulia namba ya akaunti hufutika. Baya zaidi ni tarehe: kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani husoma 03/07/2025 kuwa 7 Machi badala ya 3 Julai, na malipo yako yakajikuta katika mwaka mwingine wa kodi. Itume kama ilivyotoka benki.

Usiitume wazi, hata hivyo. Faili la Excel lina sehemu yake ya kuwekea nenosiri, lakini CSV haina, hivyo iweke ndani ya faili la zip lenye nenosiri, kisha nenosiri lenyewe umtajie kwa simu. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka naye azilinde taarifa zako, nawe una haki ya kumuuliza anazihifadhi wapi.

Kama benki yako inatoa PDF peke yake, jaribu kuteua maneno yake kwa kipanya. Yakiteulika, mhasibu ataweza kulitoa jedwali. Yasipoteulika, hiyo ni picha tu, nawe iombe benki ikutolee nyingine moja kwa moja kutoka kwenye mfumo wao.