Tupeane uzoefu: kupanda treni ya moshi na watoto wadogo

Mama Wawili (Tabata)
Habari za jioni wapendwa. Nina watoto wawili, wa kiume miaka mitano na wa kike mitatu, na huyu wa kiume treni zimemshika mpaka basi. Kutwa anapanga viti vya sebuleni, yeye dereva, mdogo wake abiria, dada wa kazi analazimishwa kukata tiketi. Tulimpandisha SGR kwenda Moro akafurahi sana, ila juzi kaona kwenye simu ya baba yake ile injini nyeusi inayotoa moshi, vyuma vya magurudumu vinapanda vinashuka, basi SGR yote imekuwa si kitu. Anasema ile ya umeme "inatembea tu". Sasa Desemba Mungu akipenda tunaenda Nairobi kwa wifi yangu, na mwakani mume wangu ana kozi Uingereza huenda tukamfuata mwezi mmoja. Naomba waliowahi kupeleka watoto wa umri huu kwenye zile treni za zamani za makaa wanisimulie, wanaogopa? wanachoka saa ngapi? Jamani nisiambiwe "raha sana" tu nikaishia hapo, nataka ya ukweli.

Baba Mapacha
Dada umefika penyewe. Sisi tulikaa Birmingham wakati nasoma, mapacha walikuwa hawajatimiza miaka minne, tukawapeleka kwenye treni ya moshi ya Severn Valley, hukohuko Uingereza. Inatoka Kidderminster mpaka Bridgnorth, kama kilomita 26 hivi, sehemu kubwa inafuata mto. Wenzetu treni za moshi kwenye reli zao za kawaida walizimaliza 1968, kwa hiyo hizi zilizobaki zinaendeshwa na wapenzi wa treni, wengi wanajitolea tu, unakuta mzee mstaafu kavaa ovaroli limejaa masizi anamweleza mtoto wako kila kitu bila haraka.

Sasa ya ukweli uliyoomba. Kwanza kelele. Watu watakwambia honi ndo inatisha, kwa wangu haikuwa honi. Ile injini imesimama imetulia watoto wako karibu wanaishangaa, presha ya boila ikizidi kuna valvu inafunguka yenyewe juu, mvuke unatoka kwa kishindo bila taarifa yoyote. Mmoja alinirukia shingoni akang'ang'ania hapo mpaka tukaingia ndani, mwenzie akawa anacheka anataka irudie. Mapacha hao, tumbo moja.

Pili kuna handaki kati ya Kidderminster na Bewdley. Kama dirisha liko wazi moshi wote unaingia ndani na ni giza. Funga mapema.

Halafu kichekesho, ukishatoka Kidderminster unapita pembeni ya mbuga yao ya kufuga wanyama, unachungulia dirishani unaona tembo! Watoto wa Kitanzania wameona tembo kwa mara ya kwanza Uingereza tena kutokea kwenye treni. Mama yangu nilivyomsimulia alicheka kisha akanuna, akasema tumetia aibu ukoo.

Kijana wa Pugu
Mnaenda mbali kote huko kuona tembo wakati TAZARA ipo hapo Vingunguti tu 😂 Ukitoka Dar inakatiza ile iliyokuwa Selous, sasa Hifadhi ya Nyerere, nimeona twiga, swala na tembo bila kulipa kiingilio. Mchukue mtoto mpaka Ifakara arudi.

Mama Wawili
Kaka, TAZARA ina moshi lakini?

Kijana wa Pugu
Wa dizeli upo 😂

Mama Mpare
Mdogo wangu, ukiwa Nairobi usiache makumbusho ya reli, iko karibu na stesheni ile ya zamani mjini. Ilifunguliwa 1971 enzi za East African Railways kwa hiyo vilivyomo humo ni vyetu pia. Injini zimepangwa nje zimesimama, usimwahidi mtoto kwamba atasafiri. Ila kwa umri wa wako mimi naona ndo pazuri zaidi ya safari yenyewe, na nitakwambia kwa nini. Mtoto ukishampandisha kwenye behewa injini haioni tena! Iko mbele huko, yeye kakaa kwenye kiti anaangalia miti kama kwenye basi, baada ya nusu saa anauliza tunashuka saa ngapi. Pale makumbusho anapanda mwenyewe kwenye chumba cha dereva, anashika mavyuma, anachungulia tanuru, anashuka, anapanda tena, hakuna wa kumwambia treni inaondoka. Wangu ilibidi tuwatoe kwa kuwaahidi soda.

Mwambie akatafute zile kubwa kuliko zote, Garratt. Zilitengenezwa Manchester miaka ya 1955 na 1956 na zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Iko Mount Gelai, huo ni mlima wetu wa kule Longido karibu na Ziwa Natron, na iko Mount Shengena. Sasa mume wangu Mpare wa Same, kufika pale kuona Shengena imeandikwa ubavuni kwenye injini, aisee hakuna mtu aliyeangalia kitu kingine siku hiyo. Amepiga picha kila upande, watoto wanamvuta shati twende baba. Na Wanyaturu nao wana yao, inaitwa Nyaturu, ukiwa na jirani wa Singida mpigie picha.

Kuna behewa ambalo mwaka 1900 simba aliingia usiku pale Kima, Kenya, akamchukua ofisa wa polisi aliyekuwa amelala humo anamvizia simba huyohuyo. Ukifika hapo kama wa kwako ni waoga pita kimya, usisome kibao kwa sauti. Binti yangu alikuwa hataki kulala karibu na dirisha wiki nzima.

Mvishe mtoto nguo za kushindia, grisi ya pale haitoki hata kwa jiki.

Mstaafu wa Reli
Wanangu hamjambo. Nimefurahi kuona vijana mnazungumzia mashine zetu. Nilianza kazi karakana ya Tabora nikiwa kijana kisha nikawa fayamani, yule anayetunza moto wa injini. Mama Wawili, mjukuu wangu huyo mweleze mambo haya kabla hajafika ili asiogope, mtoto akijua kitu kinatoka wapi hakimtishi.

Mashine ya moshi inaamka taratibu. Hauwashi kama gari, ile moto unaanza usiku ili asubuhi iwe na presha, na ikiwa imepoa kabisa ni saa nyingi. Makaa si lazima, zile Garratt anazosema mama hapo zilichoma mafuta mazito, fayamani wake hashiki koleo anashika valvu. Na mashine hii inakunywa maji kuliko unavyofikiri, ndo maana reli ya kati mlikuwa mnaona matangi yamesimama kwenye stesheni.

Ule mvuke mweupe unaotoka chini pembeni ya magurudumu wakati inaondoka, watoto wengi hudhani inataka kulipuka. Siyo. Mashine ikisimama, mvuke uliobaki kwenye silinda unapoa unakuwa maji, na maji hayabonyei, ukiondoka nayo utavunja silinda. Kwa hiyo dereva anafungua vikoki maji yatoke kwanza. Basi mwambie inapiga chafya.

Asisimame usawa wa silinda hapo mbele kwa chini, mvuke ule unaunguza. Akae usawa wa dereva au nyuma yake, na ndiko kuna mambo ya kuona.

Mama Wawili
Shikamoo mzee wangu. Nimemsomea hiyo ya chafya, sasa hivi anapiga chafya nyumba nzima kabla ya kuondoka kwenye kochi.

Mstaafu wa Reli
Marahaba mwanangu. Huyo ni fayamani.

Dada wa Sinza
Mimi nitakuwa tofauti kidogo msinichukie. Tulienda moja ya hizo za utalii nje ya nchi, siitaji. Hela yake unaweza kulipia ada ya chekechea. Mtoto alikuwa na miaka miwili na nusu, tulisubiri sana platifomu kwenye baridi, treni ikafika, akapiga makofi, tukapanda, akalala. Kalala kwenda na kurudi. Mume wangu ndo alifurahi, alikuwa kichwa nje dirishani mpaka chembe ya masizi ikamwingia jichoni tukatafuta maji. Kwa hiyo chini ya miaka mitatu mimi nasema subirini.

Baba Mapacha
Dada wa Sinza hiyo ya masizi ni kweli kabisa, kichwa nje hapana, hata mtu mzima. Na Mama Mpare ana hoja kwamba ukiwa ndani injini huioni, ila dawa yake ipo: fika mapema. Kwenye stesheni ya mwisho injini inakatwa, inazunguka na reli ya pembeni inakuja kufungwa upande wa pili, hiyo ndo sinema yenyewe. Watu wazima wanakimbilia chai, wewe baki platifomu na watoto. Wangu leo hawakumbuki safari hata kidogo lakini yule jamaa aliyeingia chini katikati kufunga mnyororo wanamkumbuka.

Kigari cha mtoto ukienda nacho, milango ya mabehewa ya zamani ni myembamba, kinawekwa behewa la gadi, kwa hiyo kikunjike.

Mdau wa Mbeya
Kuna mtu alinishauri ile ya Livingstone Zambia, Royal Livingstone Express. Tulienda mimi na mke wangu. Injini safi kabisa, ya zamani kweli, lakini ile ni treni ya chakula cha jioni, vitambaa vyeupe, glasi, watu wamependeza. Mtoto wa miaka mitatu pale utakuwa unakula umesimama. Ukiwa huko mpeleke mchana makumbusho ya reli, yapo hapo hapo Livingstone.

Mama Wawili
Asanteni jamani mmenifungua macho. Kwa hiyo Desemba makumbusho Nairobi, Uingereza ikitiki tutatafuta treni fupi na huyu mdogo atakuwa kafikisha minne. Baba Mapacha, yule wako aliyekurukia shingoni, ulimfanyaje akakubali kupanda kurudi?

Baba Mapacha
Sikumlazimisha. Tulipanda behewa la mwisho kabisa, mbali na injini, nikampa vile vya kuziba masikio. Usinunue vya mafundi pale Kariakoo, vikubwa, vinamdondoka. Tafuta vya kitoto vyenye mkanda laini, na mzoeshe kuvivaa nyumbani kabla, maana siku ya kwanza atavivua.

Mama Mpare
Na hati za kusafiria za watoto anza sasa hivi mdogo wangu, usingoje Novemba.